Chupa ya Kumi na Saba

Imekuja Gofu ndani ya boksi lenye sponji,
imelazwa kama bibi harusi,
kijani kibichi, kiuno chembamba,
imevaa lebo kutoka shingoni hadi kisiginoni.
Kijana wa kiwanda cha juisi ananiambia,
"Bi Mwanamkasi, hii, safari hii, imekaa."
Namwambia, kukaa tutakuona majini.

Sisi hapa hatuonji juisi.
Tunakata. Mashine inatafuna chupa mia,
inatema vipande vya ukubwa wa ukucha,
nami navikoroga kwenye sufuria la magadi ya moto,
nyuzi themanini na tano, dakika kumi na tano
kwa saa ya ukutani, ile inayochelewa,
kwa hiyo natumia ya simu.
Miwani inaingia ukungu. Harufu ya embe la bandia
inapanda hadi kwenye kenchi.

Halafu maji baridi, na hapo ndipo penye kesi.
Mwili wa chupa huzama: ndiyo sheria yake.
Kifuniko huelea, pete yake huelea,
lebo yenye adabu huelea pia,
twaiengua kwa chujio kama povu la maharage.
Lebo hii imezama.
Imezama na chupa yake, imeing'ang'ania
kama mdai aliyesikia mshahara umetoka.

Nimekausha. Nimeyeyusha kiasi cha kiganja.
Kimetoka kibao cha rangi ya chai ya jana,
na madoa meusi. Nimeyahesabu: arobaini na moja.

"Lakini inauza," anasema kijana.
"Dukani unaiona kutoka ng'ambo ya barabara."
Naam. Na jalalani pia.

Nilitaka kumweleza habari za Nyamvula
wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
anayefunga viroba vyake kwa kamba ya katani,
ambaye mzani humhesabia nyeupe tu;
za kijani hurudishiwa mkononi,
azipeleke atakakojua.
Juzi alinionyesha: zimejaza uchochoro,
kuku wametaga humo.

Sikumweleza. Nikampa kibao akishike.
Akakigeuza, akakiinua dirishani.
Jua la saa sita, la Tanga, halikupita.

Nimeandika kwa peni, maana fomu ya kompyuta
haina nafasi ya maneno ninayoyataka:
Rangi, ondoa.
Lebo, fupisha, na iwe ya kuelea.
Gundi, iwe ya kuachia ikiambiwa.
Kiuno baki nacho, hakina kosa.

Ya kumi na nane imefika leo bila boksi.
Amekuja nayo mfukoni, nusu ameinywa njiani.
Haina rangi. Lebo yake ni kama leso ya mkononi.
Hajasema kitu.
Nimewasha jiko.