Mwanzi wa Kushoto

Zdravka hukoroma.
Naanza na hilo kwa kuwa mwenyewe hulikana,
nami miaka ishirini na sita nimelala ubavuni pake
nikisikia trekta likipanda mlima ndani ya kichwa chake,
likikwama,
likizimika.
Hapo ndipo huamka, katika ule ukimya,
nikamgusa bega mpaka liwake tena.

Alikuwa na miaka saba. Bembea ya shule, mjini Karlovo,
ubao wenye pembe ya chuma.
Damu ilitoka, ikakoma.
Mama yake akamwekea kitambaa cha siki,
akasema litapoa kabla ya arusi.
Samaki mkunje angali mbichi;
huyu alikunjika mwenyewe, mbichi,
na hakuna aliyekumbuka kumkunjua.

Kwa nje huoni kitu. Picha zake zote ni nzuri.

Lakini kazi yake ni waridi.
Mwezi wa Mei, alfajiri, magunia ya petali hufika kiwandani yakiwa na umande,
naye huinama juu ya chupa ya mafuta
akigeuza kichwa pembeni,
kama kuku anayetazama punje kwa jicho moja,
anuse kwa mwanzi wa kulia.
Wa kushoto ulikuwa pambo.

Daktari Hadzhieva, kule Plovdiv, alimulika ndani,
kisha akachukua kadi ya miadi, akaisimamisha kati ya vidole.
"Huu ndio ukuta. Mbele gegedu, nyuma mfupa.
Watu wengi wao umepinda kidogo, wala hawajui.
Wako," akaisukuma kadi kwa kidole gumba,
"umeegemea chumba cha kushoto hadi mlango haufunguki."

Hakukimbilia kisu.
Wiki sita za dawa ya kupuliza,
maji ya chumvi asubuhi na jioni,
Zdravka ameinamia sinki akilaani kwa sauti ya bata:
maji yaliingia kulia, yakakataa kutokea kushoto.
Dawa ilituliza uvimbe.
Ukuta haukusogea. Ukuta hauna masikio ya dawa.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye korido
na herini zake mfukoni.
Walimlaza kwa nusukaputi, wakapita mlemle puani:
wakafunua utando kama mtu anayefunua zulia,
wakapunguza gegedu, wakalinyoosha, wakalifunika tena.
Saa moja na robo. Nilizihesabu herini. Mbili. Mbili. Mbili.

Kisha wiki ya hasira.
Vibao viwili vya plastiki vimeshonewa ndani,
mito mitatu kichwani, midomo imekauka na kupasuka,
marufuku kupenga kamasi,
na chafya apige kinywa wazi
(alipopiga, mbwa alitoka nje).

Siku ya saba wakavivuta.
Sikujua pua inaweza kuficha kitu kirefu vile.
Zdravka akavuta pumzi, akanyamaza,
macho yakajaa.
"Silii," akasema. "Ni baridi tu.
Hewa ina baridi upande huu."

Mei ilipofika nilimsubiri kiwandani,
mjinga mimi, nikitarajia waridi.
Daktari alikwisha kutuonya: naahidi hewa, harufu ikija ni bahashishi.
Na bahashishi ilikuja kwa njia yake:
mbwa aliyelowa, kwanza.
Kisha soksi zangu.
Kisha, mlangoni, mkoba ukiwa bado begani:
"Nedyalko, tangu lini nyumba hii inanuka kitunguu?"

Tangu tuoane, mke wangu.

Bado hukoroma kidogo akilala chali;
sitadanganya.
Ila trekta limeuzwa.
Usiku chumba kimetulia kabisa,
nami nashtuka saa nane, saa tisa,
nanyoosha mkono gizani, nagusa bega.

"Napumua," anasema.
"Lala."