Sailensi

Kabale, saa kumi na mbili na robo.
Ukungu umekalia boneti kama mpangaji asiyelipa.
Kompyuta inasema nyuzi tisa
na vidole vyangu vinaafiki.
Nawasha. Injini inakohoa mara moja,
inapanda elfu na mia mbili, kisha inashuka
kadiri maji yanavyopata moto,
inatua mia nane, inakaa.
Sisi mafundi mwendo huu tunauita sailensi:
gari haliendi, wala halijazima.
Weka kikombe juu ya boneti,
kitatetemeka, chai haitamwagika.

"Imepona," nikamwambia Kyarisiima.
Akapakia magunia kumi ya viazi, akaondoka.
Nilijisifu mapema.

Saa nane, simu kutoka Kasese.
Ameshusha mzigo, amekunywa soda,
amerudi kuwasha: inapanda, inashuka,
inapanda, inashuka,
kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi,
halafu kimya.
Kimya chenyewe, si kile cha mafundi.

Wiki iliyofuata nikapanda naye,
kompyuta mapajani, waya umepenya chini ya dashibodi.
Ntungamo, nyuzi kumi na saba.
Ishaka, ishirini na mbili.
Tukateremka Rugazi, masikio yakaziba,
joto likaingia dirishani bila hodi.
Daraja la Katunguru: thelathini na moja.
Kila tuliposimama nilijaza jedwali, mraba kwa mraba:
valvu ifunguke kiasi gani hewa ikiwa hivi,
kiasi gani ikiwa vile.
Mlima huipunguza hewa, baridi huikaza;
bonde huijaza, joto huilegeza.
Hesabu inakaribia kulingana,
na hapo kwenye kukaribia ndipo injini inapozimia.

Kasese sokoni tukazima makusudi.
Dakika ishirini. Kyarisiima akaketi juu ya magunia matupu,
akapasua tunda la pasheni kwa meno.
Nikafungua swichi bila kuwasha, nikasoma:
sitini na nne.
Sitini na nne! Barabarani ni thelathini na tatu,
hata mbuzi wanajua.

Nikainua boneti.
Kihisio cha hewa, kidogo kama kidole gumba,
kimepachikwa mgongoni mwa injini,
kimekaa jikoni
kinatangaza kuwa mji mzima unaungua.
Hakikusema uongo. Kilisema habari za chumba chake.
Na kompyuta, mtumishi mtiifu,
ikasikia hewa ni nyepesi, ikabana petroli,
ikamnyima chakula mwenye njaa.

Nikakihamisha mbele, nyuma ya taa ya kushoto,
pale upepo unapoingia kabla haujaguswa na chuma.
Nikaiandikia kompyuta mstari mmoja zaidi:
ukiamshwa ungali moto, usiamini upesi;
vuta pumzi kadhaa kwanza.

Kyarisiima akawasha mwenyewe.
Ikapanda, ikashuka mara moja, ikakaa.
Akatema mbegu, akasikiliza.
"Kumbe ilikuwa inaogopa joto lake yenyewe,"
akasema, akaanza kukunja magunia.

Tulirudi usiku. Kupanda Rugazi, vioo tukavifunga.
Karibu na nyumbani, nyuzi kumi na mbili,
sindano ikatikisika kidogo, pungufu hamsini,
ikarudi.
Yeye hakuona.
Mraba ule niliujaza kwa kukisia.
Kesho alfajiri nitakuja na kikombe changu.