Mvumo wa Kimya

Kiwanda kilipouza nusu yake kwa wajenzi wa maghorofa
tulibaki watu arobaini na mmoja, ghorofa ya pili,
Barabara ya Foleshill, Coventry.
Chini yetu ni ile sakafu ambako wanawake mia sita
walilehemu swichi za simu
hadi moshi wake ukanuka kwenye nywele zao Jumapili kanisani.
Sasa ni maegesho ya magari, na njiwa.

Tukaambiwa: sauti siku hizi ni data.
Gethin, meneja wetu, aliliandika ubaoni kwa wino mwekundu,
akalipigia mstari,
akatutazama kama anayetaka radhi, akaenda kunywa chai.

Ngoja nieleze, maana hata mke wangu huniuliza
nilikuwa nafanya nini hasa kule.
Zamani ukipiga simu ulikodi njia.
Jozi moja ya shaba, toka mdomo wako hadi sikio la mwenzio,
yenu wawili, hata mkinuniana,
hata mmoja akiuacha mkono wa simu mezani
akaepue maziwa yasifurike.
Kimya chenu kilikuwa na waya wake, na kililipiwa.

Siku hizi neno hukatwakatwa,
vipande hamsini kwa sekunde,
kila kipande na anwani yake mgongoni,
hiki kinapitia Leeds, hiki Amsterdam,
vikutane mlangoni, vipangwe upya.
Kilichochelewa hakingojwi.
Hutupwa, na neno likaendelea bila silabi yake,
pengo la jino katikati ya kicheko.

Kisanduku chetu kilikuwa mkalimani:
huku shaba ya mababu, huku intaneti.
Kilifanya kazi. Vipimo vyote, taa za kijani.
Harbhajan Sahota alicheza kidogo kati ya meza.

Ndipo akaitwa Noreen Pargeter,
miaka sabini na miwili, mpima laini aliyestaafu,
ambaye zamani, walisema,
alisikia skrubu iliyolegea kabla fundi hajaiona.
Akavaa hedifoni, akafumba macho.
Nami chumba cha pili nikamsomea gazetini
bei ya viazi, matokeo ya mpira wa ligi ndogo.
Nikanyamaza kufunua ukurasa.

"Umekufa?"
Nipo, mama.
"Ukisema, upo. Ukinyamaza, huna hata chumba
unachonyamazia."

Alisema kweli. Kwa kubana matumizi
kisanduku hakikutuma kimya.
Mtu akivuta pumzi, laini iligeuka shimo,
na wateja wa majaribio walikuwa wakikata simu
katikati ya mambo yao: mikopo, talaka, miadi ya daktari.

Wiki ile ile wanunuzi wa chuma chakavu
walikuja kuchukua mtambo wa mwisho wa zamani.
Noreen aliwazuia mlangoni kwa fimbo yake
hadi tukachomeka waya, tukarekodi dakika nne
za laini isiyosema kitu:
ssss, na chini yake mguno mdogo wa umeme,
kama nyumba yenye watu waliolala.
Usiku kucha niliandika programu ya kuuiga mvumo huo,
upulizwe penye kila pengo.
Gethin aliuliza kama twaweza kuutoza.

Haukutuokoa. Walikuja wengine na visanduku vyembamba zaidi,
kisha pasipo kisanduku kabisa.
Noreen alizikwa Februari, siku ya barafu;
Sahota anauza bima.

Juzi dada yangu alinipigia kwa video kutoka Tanga.
Alisema neno moja, "Baba",
picha ikaganda: mdomo wazi, leso begani,
jicho moja limefumba nusu.
Hakuna aliyesema zaidi.
Nikabonyeza simu sikioni.
Ssss.
Sijui kama ni ule wetu
au ni friji lake, linaunguruma jikoni.
Sikukata.