Birika la Hilkka

Ghorofa ya pili, nyuma ya kioo,
birika la buluu. Kibandiko: enameli, miaka ya hamsini.
Shangazi Hilkka akasimama ghafla,
nikamkanyaga kisigino.

"Hilo lipo kwangu," alisema,
wala hakunong'ona.
"Limeungua kitako. Natilia vifungo."

Watu wakageuka. Mlinzi, kijana mwenye hereni,
akaja polepole, akauliza kama kuna shida.
Naye akaulizwa: kifuniko chake kiko wapi?
Hajui.
Akamwita mwenzake. Naye hajui.
"Changu ninacho," shangazi akasema,
uso umemnawiri kama bibi harusi.

Viti vya ghorofa ya tatu,
vile nilivyomtolea Oulu kuja kuviona,
hakuvitazama.
Tulikunywa supu ya samoni sokoni, kimya,
mvua ya Helsinki ikipiga turubali.

Wiki mbili baadaye nilimkuta kwake, jikoni:
vifungo vimemwagwa mezani,
birika peke yake dirishani,
limesuguliwa, ila kitako kimekataa weusi kuutoa.
Amesimama hatua mbili nyuma,
mikono mgongoni,
kama aliyekatazwa kugusa.