Rangi Chini ya Bolti

Idwal, gari lako limenichoma kidole.
Si injini, si bomba la moshi: kitufe cha choki,
kile cheusi ulichokuwa ukikivuta kwa kucha mbili
kama mtu anayeng'oa jino la mtoto.
Nilipiga stata. Injini iliguna mara moja, ikanyamaza,
na moshi mwembamba ukapanda kwenye dashibodi
ukinuka plastiki na vumbi la miaka sitini.

Nje, mvua ya Bethesda inaendelea na kazi yake.
Gwilym wa ng'ambo ya barabara alikuja na mwavuli na hukumu:
"Betri. Nunua betri."
Aliondoka na mwavuli, akaacha hukumu.

Betri ni nzima. Kumi na mbili nukta sita,
nimeipima kabla ya chai na baada ya chai.
Nikakumbuka kuwa katika gari hili mambo yamepinduliwa:
chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, hasi ndiyo inayosafiri,
maana mwaka hamsini na sita waliona hivyo ndivyo sawa.
Nasi nyumbani tuliona mengi ndivyo sawa.

Miaka thelathini na mmoja nilipanda nguzo za simu,
kuanzia machimboni hadi kwa wafuga kondoo wa juu,
nikitafuta sauti zilizopotea ndani ya waya.
Watu huuliza umeme unakwendaje.
Hawaulizi unarudije.

Basi niliuliza.
Ncha moja ya mita kwenye injini, ncha ya pili kwenye bodi.
Hapo mita husema sifuri,
au kitu kidogo kisichostahili jina.
"Piga," nikamwambia Heledd wako aliyeketi kwenye usukani.

Volti nne.
Volti nne zimesimama mahali pasipotakiwa kuwa na mtu,
kama wageni kwenye ngazi ya nyumba iliyofungwa.

Ndipo nikaielewa choki.
Ule umeme wote wa stata, ulipokuta mlango wake umefungwa,
ulijipenyeza kwenye kebo nyembamba kama ugwe wa kiatu
ukarudi kwa huko, ukiunguza kuta njiani.
Umeme haukati tamaa.
Ukinyimwa njia, huiba.

Nililala chali chini ya gari, maji ya baridi yakiingia kolani.
Mkanda wa ethi upo. Haujakatika, haujaoza.
Shaba yake inang'aa, bolti imekazwa kwa mkono wako
(naujua mkazo wako, sharti spana ilie).
Na chini ya bolti, Idwal: kijani.
Matabaka matatu ya kijani, laini kama yai la bata,
uliyoyapaka majira yale ya baridi baada ya hospitali,
kila pembe, kila tundu, hata pale asipotazama mtu.
Uliogopa kutu.
Nami nilikuja kila Jumapili, nikasimama mlangoni
nikasema maridadi, maridadi,
na sikusema lingine.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema kwamba pengine ni nguo yenyewe.

Nilichukua msasa.
Nikakwangua duara la ukubwa wa sarafu
hadi chuma kikatoka cheupe, kikishangaa mwanga.
Hilo liliniuma kuliko kidole.

Sifuri nukta moja.
Heledd akapiga tena. Injini ikakohoa, ikajisahihisha, ikashika,
na choki ikabaki baridi kama kijiko.
Heledd hakushuka. Alikaa pale, mikono kwenye usukani,
akiacha kila kitu kitetemeke.
Gwilym alichungulia dirishani: "Si nilikwambia? Betri."

Indiketa ya kushoto bado haiwaki.
Ukiiwasha, taa kubwa inafifia na geji ya mafuta inapanda,
kana kwamba kukata kona kunajaza tangi.
Hiyo ni ya Jumamosi.
Nitapita bolti zako moja moja,
na kila ulipopendezesha
nitakwangua kidogo.