Mlango wa Kushoto

Baba yangu, Kazimierz Wojtas
(kiwandani walimwita Kaz,
msimamizi hakuwa na muda wa silabi tatu),
alifunga milango ya kushoto.
Miaka thelathini na mmoja, pale Flint,
gari linakuja likitambaa kwenye mkanda, ubavu wazi,
anaupachika, bawaba mbili, boliti nne,
linakwenda zake. Linakuja jingine.
Hakuwahi kuliona moja likiwaka.

Huku kwetu dereva huingilia kushoto,
kwa hiyo kila aliyekwenda popote
alianza safari kwa kushika kazi ya baba.
Hilo nililifikiria mimi. Yeye hakulisema.

Saa kumi alasiri anarudi, ananawa hadi viwikoni,
anakula kabichi na soseji kimya,
kisha anashuka chumba cha chini ya nyumba,
penye tanuri na mashine ya kufulia,
na huko, juu ya meza yenye mguu mmoja wa kuazima,
anaunda gari zima.

Zima, nasema. Kuanzia chesisi.
La kukaa kiganjani, na bado vidole vibaki na nafasi.
Silinda nane, kila moja punje ya mtama;
nyaya za plagi kazichuna kwenye simu mbovu,
zulia kalikata kwenye soksi ya marehemu bibi.
Kibano mkononi, pumzi kaibana,
maana rangi mbichi hualika vumbi,
na vumbi, alisema, halina adabu.

Sisi watoto tulikaa kwenye ngazi.
Kidato cha tatu, si zaidi: ndiyo sheria.
Harufu ya gundi ikipanda, tamu, ikituuma kichwa,
mama akifungua dirisha hata theluji ikianguka:
“Mwanamume gani huyu? Ana magari sitini,
na mimi naenda dukani kwa miguu!”
Kweli tupu. Tulikuwa na pikapu moja,
kutu imeila hadi unaona lami ikipita miguuni.

Iliyomtoa udenda ni Buick Riviera ya sitini na tatu.
Agosti moja, barabara ya Saginaw,
watu na magari yao ya zamani
wakiyapitisha polepole juu ya matofali,
akanikamata bega kama aliyeuona mwezi mwandamo.
“Tazama mstari ule wa ubavuni, Danuta.
Huo haukupigwa rula. Mtu aliuota.”
Hakuisogelea. Alifunga mikono nyuma
mpaka ikapita, na moshi wake ukapita.

Kiwanda kilipofungwa walimpa saa ya ukutani.
Tulidhani ataanguka.
Akashuka chini.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka.
Nilimwona, mimi mtu mzima sasa, bado kidato cha tatu:
anasubiri tetemeko lipite, anagusa mara moja kwa brashi,
anasubiri tena.
Kioo kimoja cha pembeni kilimla wiki tatu.

Alikufa Machi, barafu ikiachia mitaro.
Mezani, chini ya bakuli la supu lililofunikwa,
Riviera. Kijani cha chupa. Haina mlango wa kushoto.
Nilipiga magoti na tochi,
nikafagia chini ya tanuri,
nikapekua hata kichujio cha mashine ya kufulia.
Ulikuwa ndani ya kiberiti,
umepakwa, umeng'arishwa, bawaba tayari,
umekamilika kuliko gari lenyewe.

Sijui kama alichoka, au alisahau,
au alikuwa tu ameshiba milango ya kushoto.

Sijaupachika.
Gari liko dirishani kwangu, ubavu wazi;
asubuhi jua huingia na kukaa kwenye kiti cha dereva.
Juzi mjukuu wangu Wesley alinyoosha kidole,
kidole kina jamu,
akauliza nani kaliacha hivyo.
Rudi nyuma, nikamwambia.
Kidato cha tatu. Si zaidi.
Nyumba yangu haina ngazi.
Akarudi nyuma, hata hivyo, akabana pumzi.