Kikombe cha Hermelinda

Siku ya tatu. Mvua ya mawe imetupiga kisogoni,
nyumbu wa mizigo amegoma topeni, masikio nyuma,
na Hermelinda Chuquimango anamsema kama mkwe:
"Simama basi, uote mizizi, tukukaushe nawe!"

Huku juu ya Cajamarca hakuna mti wa kuegemea.
Nyasi tu, ngumu kama ufagio, na ukungu
unaoingia bila hodi, unakaa, hauagi.
Mfukoni nina karatasi iliyopigwa chapa mjini:
ua hili lilionwa mara ya mwisho
babu yangu hajaoa.

Tulilipata kwa sababu kofia yake ilipeperuka.
Akaifuata hadi kwenye ufa wa jabali, akapiga magoti,
kisha kimya. Yeye, asiyenyamaza hata akitafuna.
Nikadhani ameumia.

Mashina matano. Nikahesabu,
nikahesabu tena, vidole vimekufa ganzi.
Maua madogo, midomo wazi, yananyeshewa,
na buluu ile! Nikaitafutia neno,
nikapata kamasi tu, na machozi ya baridi.

Sheria yetu: yakiwa chini ya ishirini, usichume.
Tukaukalia upepo, uamue wenyewe.
Jioni ukaangusha moja, kiganjani mwake.

Usiku, kwa kurunzi, nikajaza kibandiko:
mwinuko, tarehe, aina ya udongo.
Rangi ya ua? Nikaandika samawati. Akakataa.
"Mbingu ya wapi hiyo? Ya hapa ni kijivu."
Nikaandika nili. Akacheka hadi akakohoa.
"Andika kikombe cha bati cha mama,
ule ukingo wake, kabla haujabanduka."

Nikaandika hivyo, neno kwa neno.

Ua likakauka kati ya magazeti ya juzi,
likageuka rangi ya ganda la kitunguu.
Sasa limelala kabatini, droo ya chini kabisa.
Mkuu wangu alikifuta kikombe kwa kalamu nyekundu;
nikakirudisha kwa wino usiofutika.

Hermelinda aliposhuka mjini kuuza jibini
nilimfungulia droo. Ua hakulitazama.
"Kikombe kiko wapi hapo?" akauliza, maana hakusoma.
Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya neno.
Akakiacha pale muda mrefu,
kama anayepima chai:
imepoa, au bado.